Nimekatika ncha za vidole viwili. Yule mpiga gitare wa Black Sabbath aliwezaje?

Kampemba_Solo ameandika:

Jambo bakubwa. Mimi ni wa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Kazi yangu ni chuma: milango, grili za madirisha, mageti. Kabla ya Pasaka, meule (mashine ya kukata na kusaga chuma) ilinirukia mkono wa kushoto. Kidole cha pete na kile cha mwisho vimepoteza ncha, karibu hadi mwanzo wa kucha. Kidonda kimefunga, lakini ngozi iliyoota juu yake ni nyembamba, ina rangi nyekundu, na nikikandamiza uzi wa gitare maumivu yanapanda hadi kwenye kiwiko.

Napiga solo kwenye korali, na Jumamosi wakinihitaji napiga kwenye ndoa. Nina gitare mbili. Moja ni kavu, nyuzi zake nene hata wenye vidole vyote wanazilalamikia. Ya pili ni ya umeme, niliinunua kwa mtu aliyetoka nayo Ndola. Tangu ajali, kiongozi wa korali ananishauri kwa upole nihamie kwenye tumba (ngoma ya kupigwa kwa mikono). Yaya wangu (mkubwa wangu wa kuzaliwa) anasema nigeuze gitare, nipige kama wenye mkono wa kushoto. Na mwenzangu wa atelie amenitumia picha ya Mzungu mmoja mwenye masharubu na msalaba kifuani, gitare nyeusi, na kwenye vidole viwili amevaa kitu kama vikofia. Anasema yule ni mpiga gitare wa Black Sabbath, alikatika vidole kiwandani, akaregeza nyuzi kwa sababu ya maumivu, na ndipo sauti nzito ya rock ya metali ilipozaliwa.

Nataka kujua kama ni kweli. Alikuwa nani kabla ya kuwa maarufu? Vile vikofia alivitengeneza na nini? Na mimi nianzie wapi? Tafadhali msiniambie "jipe moyo". Hilo nimeshaambiwa na kila aliyekuja kuniona hospitalini.

---

Sauti243:

Ni kweli kabisa, anaitwa Tony Iommi. Lakini ndugu, wewe ni mtu wa korali na unataka kufundishwa gitare na Black Sabbath? Pasta akiona simu yako utahamishwa tumba na korali yenyewe. Tumba ni nzuri, usiidharau.

---

Muzee wa Katuba:

Sauti243, acha kijana aulize. Misalaba unayoiona kwenye vifua vyao ilitengenezwa kwa alumini na baba wa mmoja wao, mtu wa kiwandani. Hawa walikuwa watoto wa mafundi. Ushetani waliubandika watu wa magazeti, na wao wakaona unauza.

Kampemba_Solo, mimi nimelehemu chuma hadi macho yalipokataa, na jioni nilikuwa napiga akompa (gitare ya kusindikiza) kwenye orkestra ya mtaa hapa Katuba. Kwa hiyo habari ya Iommi naijua kwa pande zake zote mbili, na nitakueleza kama fundi anavyomweleza fundi.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1948 mjini Birmingham, Uingereza. Ukoo wake ni wa Italia. Alikuwa mtoto wa pekee. Wazazi wake walikuwa na duka mtaa wa Aston, na duka lenyewe lilikuwa ndani ya nyumba, bidhaa hadi wanakolala. Aston ilikuwa imejaa viwanda na magenge ya vijana. Alipokuwa mdogo alikimbizwa na mtoto mwingine, akaanguka, akapata kovu kwenye mdomo wa juu. Yale masharubu unayoyaona kwenye picha yana kazi yake. Shuleni, darasa moja chini yake, kulikuwa na mtoto mmoja mwenye fujo ambaye hawakuwa marafiki hata kidogo: Ozzy Osbourne, ambaye baadaye ndiye aliyekuja kuwa mwimbaji wake.

Alitaka ngoma. Nani anaweka ngoma kwenye nyumba iliyojaa makopo ya kuuza? Kwao walipiga akodeoni, naye akajifunza hiyo kwanza. Gitare ilikuja baadaye, na ni mama yake aliyeitafuta. Tabu ilikuwa kwamba kijana anatumia mkono wa kushoto, na gitare za namna hiyo hazikuonekana madukani, kwa hiyo iliagizwa kwenye katalogi, ya kampuni ya Watkins. Aliyekuwa anamfuata kwa masikio ni Hank Marvin wa kundi la The Shadows. Ukisikiliza The Shadows utashangaa: sauti safi, tamu, haina hata chembe ya ubaya. Ndipo alipotoka.

Sasa sikiliza ajali, maana wewe utaielewa kuliko wengine hapa. Alikuwa na miaka 17, mlehemu kwenye kiwanda cha mabati. Alikuwa amepata kundi linalokwenda kupiga Ujerumani, akaaga kazini, na ile ilikuwa siku yake ya mwisho. Mama aliyekuwa akiendesha presi, yule anayemletea vipande vya kulehemu, hakuja kazini. Kama vipande haviji, mlehemu hana kazi. Msimamizi akamweka yeye kwenye presi, mashine ambayo hakuwa ameizoea. Mchana alikwenda nyumbani kula, akamwambia mama yake harudi. Mama akakataa: kazi uliyoaga unaimaliza vizuri. Akarudi. Presi ikashuka juu ya mkono wa kulia, naye akafanya kile ambacho sisi wote tungefanya, akauvuta. Ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki kwenye mashine.

Kumbuka anapiga kwa kushoto. Kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaokandamiza nyuzi shingoni. Kama ungekuwa ule mwingine, angeshika mediatori (kile kipande cha kuchunia nyuzi) na maisha yangeendelea. Waganga wakamwambia asahau gitare.

Aliyemrudisha ni msimamizi wa kiwanda. Alikuja nyumbani na sahani ya muziki, akamwambia aisikilize. Kijana akakataa, hataki kusikia gitare la mtu yeyote. Mzee akasisitiza, ikapigwa, na sahani ilipokuwa inazunguka ndipo akamwambia: huyu unayemsikia anapiga solo kwa vidole viwili tu. Alikuwa Django Reinhardt, mpiga gitare wa jazz.

Kuhusu vikofia: alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga kuwa kidonge. Akachukua chuma cha kulehemia cha moto, akatoboa kidonge hadi kidole kikaingia. Halafu msasa. Siku nyingi za msasa, hadi kikapata umbo la ncha ya kidole. Akajaribu kupiga, plastiki ikateleza kwenye uzi. Akakata ngozi kwenye jaketi kuukuu, akaigandisha juu kwa gundi, akaisugua hadi ikawa na mng'ao fulani. Ngozi ikiwa kavu sana inang'ang'ania uzi, ikiwa laini sana inateleza. Umeona? Hakuna kitu hapo ambacho hakipo kwenye atelie yako.

Lakini kikofia hakina hisia. Hujui kama umegusa uzi au umegusa mbao. Kwa hiyo alikuwa anakandamiza kwa nguvu kupita kiasi, na nyuzi nene zikawa adui. Wakati ule maduka hayakuuza seti ya nyuzi nyembamba za gitare ya umeme. Akaenda kwenye nyuzi za banjo. Akaweka za banjo sehemu ya juu, na zile za gitare akazisogeza kila moja nafasi ya chini yake. Baadaye alizunguka kwa watengenezaji kuomba wamtengenezee seti nyembamba, wakamwambia kitu hicho hakitauzika. Leo nenda duka lolote uone ukutani kama hakiuziki.

Ndivyo anavyopiga hadi uzeeni. Akodi zake nyingi ni za sauti mbili, ya msingi na ya tano yake, anazishika kwa kidole cha shahada na kile cha mwisho, vidole vyake vizima.  Anapenda kugonga na kuachia uzi haraka bila kupiga tena na mediatori, ile inayotetemeka kama kengele ya shule. Anaacha sauti ilale, hana haraka. Kwanza alikuwa na Stratocaster, na walipokuwa wanarekodi albamu ya kwanza mwaka 1969, kazi waliyoimaliza kwa siku moja, maikrofoni ya ile gitare, ile inayonasa sauti ya nyuzi, ilikufa baada ya wimbo mmoja. Akaichukua Gibson SG aliyokuwa nayo kama akiba, na ndiyo aina hiyo ya mapembe unayoiona kwa watu wa metali hadi leo.

---

Besi_ya_Kenya (Kenya komine ya Lubumbashi, si Kenya ya Nairobi):

Muzee ameeleza vizuri. Lakini ile hadithi ya mwenzako wa atelie, eti aliregeza nyuzi kwa maumivu na uzito ukazaliwa, haiwezi kupita hivi hivi, maana kila mtu anairudia.

Albamu yao ya kwanza ilitoka tarehe 13 Februari 1970. Chukua gitare yako, iweke mi-la-re-sol-si-mi ya kawaida, halafu piga juu ya ule wimbo wa kwanza unaoanza na mvua na kengele. Inaingia sawasawa. Hakuna kilichoregezwa. Na tayari ni muziki mzito kuliko wote waliokuwa wakipiga wakati ule. Kuregeza nyuzi kwa toni moja na nusu, mi ikawa do dieze, kulikuja na albamu ya tatu, Master of Reality, mwaka 1971. Ndiyo, uzi ukilegea unakandamizika kwa urahisi, na mwenyewe amesema hivyo. Lakini uzito ulitangulia.

Ulitoka wapi? Pale mwanzoni ni noti tatu tu. Sol ya chini, sol ya juu yake, halafu do dieze. Kutoka sol hadi do dieze ni toni tatu kamili, na sikio linakataa kutulia hapo, linangoja isogee na haisogei. Anaiacha inatetemeka, ngoma zinangoja, unakaa na ile hofu. Mtu mwenye vidole kumi vizima angejaza ile nafasi. Nimewasikia wapiga solo wetu wanavyojaza nafasi. Yeye hakuwa na akodi za sauti tano au sita za kujazia, akaacha tupu.

Pia msisahau besi, jamani. Geezer Butler alikuwa mpiga gitare kabla ya kushika besi, kwa hiyo alikuwa anafuata mstari wa gitare noti kwa noti. Gitare moja na besi moja wanasema neno moja kwa wakati mmoja. Hakuna akompa, hakuna mi-solo (gitare inayokaa kati ya solo na akompa). Ukitaka kujua unene wa sauti yao, nusu yake iko kwa Geezer. Sisi wa besi hatusemwi.

---

Wa_Likasi:

Mimi sielewi kwa nini tunakwenda Birmingham. Hapa hapa Katanga tulikuwa na Mwenda Jean Bosco wa Bayeke. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi yetu, mwaka 1952, na sahani zake zilifika Kenya, Rhodesia, kila mahali, hadi Wazungu wakaja kujifunza kwake. Na alipiga kwa vidole viwili: gumba na shahada. Viwili! Gumba linatembea na besi, shahada inaimba, ukifumba macho unaapa ni watu wawili. Kijana amsikilize huyo, awaache hao wa misalaba.

---

Muzee wa Katuba:

Wa_Likasi, heshima kwa Mwenda haina mjadala. Lakini tusimpoteze kijana. Vidole viwili vya Mwenda ni vya mkono wa kulia, ule unaochuna nyuzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vyote na ulifanya kazi ngumu. Kampemba_Solo ameumia ule wa kushoto. Mwenda amsikilize kwa sababu ni baba wa gitare hapa kwetu. Dawa ya jeraha hili aitafute kwingine.

Na nikiangalia vizuri, hata Iommi hafanani naye sana. Iommi alipoteza ncha ya kati na ya pete, kidole cha mwisho kikabaki kizima, ndicho kinachobeba akodi zake. Wewe umepoteza ya pete na ya mwisho, na shahada na cha kati vyako ni vizima. Hiyo ni hesabu ya Django.

Django alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910, mtoto wa Warom, wale wanaosafiri na magari ya kulala. Alianza na banjo. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, gari lao la kulala liliwaka moto usiku. Ndani yake kulikuwa na maua ya seluloidi ambayo mkewe alikuwa anatengeneza ya kuuza, na kitu kile kinawaka haraka mno. Mguu ulitaka kukatwa, akakataa. Mkono wa kushoto, kidole cha pete na cha mwisho vikajikunja na havikunyooka tena. Alilala kitandani zaidi ya mwaka. Ndugu yake akamletea gitare.

Alipobadilisha, hakubadilisha gitare. Alibadilisha njia ya mkono. Mtu wa kawaida anapanga vidole vinne mahali pamoja na kuvuka nyuzi kutoka juu hadi chini. Django hakuweza. Akaanza kutembea kwa urefu wa shingo, shahada na cha kati vinakimbizana kutoka kwenye vichwa vya nyuzi hadi karibu na tundu, akodi anaifungua noti moja moja akipanda. Vile viwili vilivyojikunja alivitumia kwa kukandamiza nyuzi za juu tu kwenye akodi, kwa kadiri vilivyokubali. Ile mbio unayoisikia kwenye sahani zake imetoka hapo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikiliza nitakavyokuambia nikiwa ninakutazama mkono kwa mbali.

Gitare kavu iweke pembeni. Kama ina nyuzi za 12 (namba ni unene wa uzi wa kwanza), hata mimi sizitaki. Shika ya umeme, vaa seti ya 9, na umpe fundi ashushe nyuzi karibu na shingo hadi pale zinapoanza kukwaruza, kisha azipandishe nywele moja. Ukitaka nafuu zaidi, regeza zote nusu toni na uweke kapo (kibanio cha shingo) kwenye chuma cha kwanza cha shingo: sauti inarudi palepale, mvuto wa nyuzi umepungua, na nyuzi zimekaribia zaidi. Halafu angalia: nyuzi nyembamba zina usaliti wake. Ukikandamiza kwa nguvu za zamani noti inapanda, unatoka nje ya sauti na korali nzima inakutazama. Lazima mkono ujifunze upole.

Akodi za sauti mbili: kwa mtindo wa Iommi utakosa kidole cha kufika. Shusha ule uzi wa sita kwa toni moja, mi iwe re. Sasa msingi na ya tano yake vimelala kwenye chuma kimoja, kidole kimoja cha shahada kinalala juu yake, basi. Watu wa metali wanafanya hivyo kwa uvivu, wewe utafanya kwa haki.

Solo ya sebene (ile sehemu ya wimbo ya kucheza) je? Nyingi ni sauti mbili zinazokwenda pamoja kwenye nyuzi za juu, unazishika kwa shahada na cha kati. Zoeza kuziteleza badala ya kubadilisha mahali. Utaona unahitaji kidole cha tatu mara chache kuliko unavyodhani.

Na yaya wako anayesema ugeuze: Iommi mwenyewe aliulizwa. Alisema kama angejua wakati ule anachojua sasa, labda angegeuza, maana alikuwa amepiga miaka michache tu. Wewe umepiga tangu lini? Kama ni tangu shule ya msingi, usigeuze. Mkono wako wa kulia unajua mwendo wa sebene, na huo mwendo ndio unaolipwa kwenye ndoa, vidole vya kushoto vinafuata.

---

Mama_Ruashi:

Mimi si mwanamuziki, ni muuguzi. Nimesoma yote na naona mnamvisha mtoto plastiki na ngozi juu ya kidonda cha juzi. Kampemba_Solo, kama ngozi bado ni nyekundu na nyembamba, kikofia kinachobana kitaichubua, na ukichubua hapo unaanza upya. Rudi kwa waliokufunga wakuangalie kwanza. Wakati unangoja, gusagusa ile ncha kila siku na vitu tofauti, kitambaa laini, kisha taulo, kisha kitu kigumu kidogo. Neva zilizokatika zinahitaji kuzoeshwa. Yale maumivu yanayopanda hadi kwenye kiwiko hupungua kwa wengi, lakini yakizidi au ukiona kivimbe kidogo kigumu chenye maumivu makali, usingoje.

Na huyo Iommi mwenyewe hakuanza siku iliyofuata, nina hakika.

---

Kampemba_Solo:

Aksanti sana papa, aksanti mama. Hata wewe Besi, nimejaribu zile noti tatu kwa shahada na cha kati. Mama yangu alitoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Habari zangu: nimerudi kuonyesha mkono, wamesema ngozi imeshika vizuri, ningoje kidogo kwa kitu kinachobana, lakini kukandamiza kwa upole naruhusiwa. Basi nimefanya kazi ya atelie huku nangoja. Chupa ya sabuni niliyoyeyusha ilitoa moshi mbaya na ikawa na mapovu ndani, imevunjika kwenye msasa. Nikachukua kifuniko cha kalamu kubwa ya kuandikia ubaoni, nikakikata, nikakipasha moto kidogo nje ili kilainike, nikavaa juu ya kidole cha mbao nilichokichonga kwa kipimo changu. Hicho kimekubali. Ngozi nimeikata kwenye ulimi wa kiatu cha zamani. Kwa kidole cha pete kinakaa. Kwa kile cha mwisho kinazunguka, na nikivuta uzi kinaruka kinagonga ukuta. Nifanye nini?

Ule uzi wa sita kwenye re umenifurahisha. Kwenye korali jana nilipiga akompa nyimbo zote kwa kidole kimoja na hakuna aliyejua, isipokuwa mpiga besi, alinitazama muda wote.

---

Besi_ya_Kenya:

Sisi huwa tunaona.

---

Muzee wa Katuba:

Kidole cha mbao ni akili, hongera. Iommi alikuwa anapimia kidole chenyewe. Endelea kuonja kikofia kwenye ule mti, usikionje kwenye ngozi hadi wakuruhusu.

Cha mwisho kiache. Kimebaki kifupi, hakina mahali pa kushika, utapoteza miezi kukifunga na gundi. Fanya kimoja cha pete kiwe kizuri kabisa. Wakikuruhusu kukivaa, zungusha kwanza plasta ya kitambaa kwenye kidole, mizunguko miwili, ndipo uvae. Jasho linaingia kwenye plasta badala ya kulainisha plastiki. Na ngozi ikatwe ipite kidogo pembeni, upande wa gumba, maana hapo ndipo uzi unapogusa ukiuvuta. Ikikatwa sawa na plastiki, ukingo unakamata uzi na unausikia "tak" kwenye ampli kila mara.

Solo sasa. Usirudi kwenye zile ulizokuwa unapiga, utajilinganisha na utaumia moyo bure. Chukua wimbo mmoja wa korali ambao hukuwahi kuupigia solo. Ipange upya kwa shahada na cha kati tu, kwa urefu wa shingo, kidole cha kofia kiwe mgeni anayeitwa mara moja moja. Ukiipata, irekodi kwenye simu na uiweke hapa. Tutaisema ukweli.

---

Sauti243:

Na mimi nitaisikiliza. Iwe ya kanisa lakini.

---

Kampemba_Solo:

Sawa papa, nitafanya hivyo. Kitu kimoja kimebaki. Nimezunguka sokoni Mzee hadi mjini, nyuzi za 9 hazionekani, wana za 11 tu na wengine wanauza uzi mmoja mmoja bila pakiti, hujui ni unene gani. Kuna mtu anavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa wiki hii?

---

Wa_Likasi:

Mimi navuka Alhamisi, nafika hadi Kitwe. Nitumie ujumbe wa faragha, andika 9 hadi 42, na useme unataka pakiti ngapi. Pesa utanipa nikirudi. Chukua mbili, ule uzi wa kwanza utaukata mapema.